Jino Limezibwa, Mbona Bado Linauma?

Wengi wanaofika kliniki ya meno shavu likiwa limevimba hufuata njia moja. Jino lilizibwa, likaendelea kusumbua, mwenye jino akanunua antibiotiki, maumivu yakapoa, naye akatulia. Maswali yafuatayo ni ya watu ambao bado hawajafika huko.

Jino langu lilizibwa wiki iliyopita na nikinywa maji baridi linapata ganzi. Ni kawaida?

Ni kawaida, ila kwa masharti. Kuchimba uozo na kuweka kizibo hukichokoza kiini cha jino, yaani ile nyama laini ya ndani yenye neva na mishipa ya damu. Ganzi ya kawaida huja na kuondoka: ukishameza maji, sekunde chache imekwisha, na kila siku inapungua. Wiki mbili hutosha, au nne kama tundu lilikuwa refu. Inayozidi siku hadi siku si ya kawaida, hata kama ni siku ya tano tu.

Mimi maji hayanisumbui. Linauma nikitafuna.

Mara nyingi ni kizibo kilichozidi kimo. Ulipoambiwa ung’ate ili daktari apime, mdomo ulikuwa bado umelala kwa sindano, ukauma upandeupande. Saa mbili hadi nne baadaye sindano imeisha, ndipo unagundua kwamba jino hilo linagusana kabla ya mengine. Ziada ya unene wa karatasi inatosha kuleta shida. Jino limeshikwa mfupani na nyuzi ndogo, na likigongwa kwa kila tonge, nyuzi hizo huvimba.

Rudi kwa daktari. Ataweka karatasi ya rangi katikati ya meno, utauma na kusaga huku na huku, kisha atapunguza pale penye alama nzito. Ni kazi ya dakika chache, na mara nyingi haihitaji sindano. Ukisubiri “kizoee” utasubiri sana. Na tafadhali, tupa ya kucha si ya mdomoni.

Kama maumivu ni ya kuchoma na yanakuja unapoachia, si unapouma, mweleze hivyohivyo. Huenda jino lina ufa.

Si ninywe antibiotiki kwanza, nione?

Hapana. Antibiotiki husafiri kwa damu. Kiini cha jino kimefungiwa ndani ya kuta ngumu, kwa hiyo kikivimba hakina pa kutanukia: kinajibana chenyewe, damu inashindwa kupita, kinakufa. Pasipopita damu, dawa haifiki. Vidonge vya wiki nzima haviondoi uozo, havishushi kizibo kilichozidi, wala haviponyi kiini kinachokufa.

Lakini nilikunywa, na siku ya tatu maumivu yakaisha kabisa.

Hapa ndipo watu wanapopotea. Jino lililokukesheza kisha likanyamaza ghafla, mara nyingi neva yake imekufa. Lingenyamaza hata kama ungekunywa maji matupu. Jaribu kidogo: gusisha kitu baridi kwenye meno ya jirani, kisha kwenye hilo. Jirani wakisikia na lenyewe lisisikie chochote, usilishangilie. Bakteria hushuka kupitia ncha ya mzizi hadi kwenye mfupa, kimyakimya, kwa wiki au miezi, kisha jipu linatokea. Kunyamaza si kupona. Rudi kliniki jino likiwa limenyamaza, kwa sababu wakati huo kusafisha mzizi bado kunaweza kuliokoa.

Nitajuaje kwamba siwezi tena kusubiri?

Ubaridi unapobaki jinoni zaidi ya nusu dakika. Linapouma bila kuguswa, au likikuamsha usiku. Chai ya moto inapochoma na maji baridi yanapotuliza: yule anayetembea na chupa ya maji ya barafu akisukutua kila dakika chache ana kiini kinachokaribia kufa, na hana wiki ya kusubiri.

Kwa kuvukia usiku mmoja, mtu mzima anaweza kumeza paracetamol ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi nane kwa saa 24. Ibuprofen ya miligramu 400, baada ya kula, husaidia zaidi, lakini si kwa mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochokozwa na dawa za aina hiyo. Aspirini haibandikwi kwenye fizi. Inaiunguza, na sasa utakuwa na maumivu mawili.

Nasaga meno usingizini. Kunahusiana?

Sana. Nguvu ya kusaga usingizini inaweza kuzidi ya kutafuna, na jino lililotoka kuchimbwa ndilo linaloonewa. Jiangalie asubuhi: taya limechoka, panja zinauma, kingo za ulimi zina mikunjo ya meno, magego yamekuwa bapa. Mwambie daktari kabla hajaziba. Asipojua, kizibo kitavunjika na lawama zitakuwa zake.

Dawa za minyoo hazitibu kusaga meno. Msongo wa mawazo, pombe, sigara, kahawa ya jioni na baadhi ya dawa za sonona huchangia. Anayekoroma huku pumzi ikikatika apimwe usingizi. Watoto wengi huacha wenyewe.

Kifaa cha plastiki ngumu cha kuvaa usiku, kinachotengenezwa kwa umbo la meno yako, hakizuii kusaga. Kinachakaa badala ya meno. Kioshe kwa maji ya kawaida na sabuni, kwani ya moto yanakipinda. Mchana, midomo ifungwe lakini meno yasigusane. Ukijikuta umeyakaza, achia taya.

Nimevimba, na hospitali wamenipa antibiotiki. Si mmesema hazifai?

Uvimbe ukisambaa au homa ikianza, zinahitajika, kuzuia maambukizi yasiende mbali wakati chanzo kinashughulikiwa: usaha utolewe, mzizi usafishwe au jino ling’olewe. Ukimaliza dozi na kuliacha jino palepale, uvimbe utarudi.

Mdomo usipofunguka hata upana wa vidole viwili, mate yakiwa magumu kumeza, uvimbe ukishuka chini ya kidevu au shingoni, au pumzi ikibana, hiyo si kazi ya kliniki ya meno kesho asubuhi. Nenda hospitali yenye huduma ya dharura usiku huohuo, ukiwa umekaa wima njiani, wala usilazwe chali.