Je, wajua kwa nini saa moja ya kucheza kila wiki ilizaa mshahara mkubwa miaka 20 baadaye?

Uliza mtu yeyote Nyalenda au Manyatta hapa Kisumu, ama Rhonda kule Nakuru, mtoto wa mwaka mmoja anahitaji nini ili akue vizuri, utajibiwa haraka: ashibe, alale, asiugue, asikae na nepi mbichi. Basi. Mama anayeuza samaki anamwacha mtoto kwa daycare ya mtaa alfajiri kabla hajaenda soko la Kibuye, jioni akirudi anauliza amekula? amelala? amelia sana? na akijibiwa vizuri anashukuru, anambeba mtoto mgongoni wanaenda zao. Ni maswali ya maana kabisa. Lakini kuna lingine karibu hakuna mtu huliuliza, nalo ndilo tunalifuata hapa: leo nani ameongea na huyu mtoto, na akamjibu?

Tuanzie mbali kidogo, Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Indies, akiwemo Sally Grantham-McGregor, walipita mitaa ya maskini ya Kingston wakachagua watoto 129 wa miezi 9 hadi 24 waliokuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao. Wakawagawa makundi manne kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa kilo moja ya maziwa ya mtoto kila wiki, na familia ikapewa unga wa mahindi na maziwa yake pembeni, ili wasije wakagawana ya mtoto. Kundi lingine halikupewa chakula, ila mhudumu wa afya ya jamii alikuwa anaingia kwa hiyo nyumba mara moja kwa wiki, kama saa moja hivi, anacheza na mtoto mama akiwepo, halafu anamwachia mama kazi ya kuendeleza siku zile zingine. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa mabaki ya nyumbani. Kundi la tatu lilipata vyote viwili na la nne halikupata maziwa wala mchezo. Miaka miwili, ikaisha.

Watoto hao walitafutwa tena wakiwa na umri wa kama miaka 22, wakapatikana 105, na matokeo yakatoka kwenye jarida la Science mwaka 2014. Waliochezewa walikuwa wanapata mshahara uliozidi kwa 25% ule wa wenzao ambao hawakuchezewa, na hao wenzao ni pamoja na wale waliopewa maziwa peke yake. Kumbuka walianza wakiwa wamedumaa, lakini kwa mapato wakawa wamewafikia vijana wa mitaa hiyo hiyo ambao hawakuwahi kudumaa. Maziwa yalisaidia wakati ule yanatolewa, miaka ilivyosonga faida yake kwa upande wa akili ikafifia mpaka haikuonekana tena.

Sasa hapa ndipo watu wengi hukimbilia jibu ambalo sio, kwa hivyo tukae hapa kidogo.

La kwanza ni kusema kumbe chakula hakina kazi, mtoto aongeleshwe tu inatosha. Hapana jamani. Ubongo ndio mlaji mkubwa kwa mwili wa mtoto: akiwa na miaka mitano hivi, ubongo wake unachukua zaidi ya 40% ya nguvu yote ambayo mwili unatumia. Na kule Guatemala, kati ya 1969 na 1977, kuna vijiji viwili vilipewa uji wenye protini unaoitwa atole, na vingine viwili vikapewa kinywaji kingine kisicho na protini. Wanaume waliokuwa chini ya miaka miwili wakati atole inagawiwa walikuja kulipwa kwa saa kama 46% zaidi. Waliopewa baada ya kufika miaka mitatu hawakupata hiyo faida, na kwa wanawake haikuonekana. Kwa hivyo uji una kazi kubwa, ila una saa yake. Wale wa Kingston maziwa yaliwakuta tayari wamedumaa na wengine wanakaribia miaka miwili, na huenda hiyo ni sehemu ya maelezo. Tena watoto 129 sio wengi, ukiwagawa mara nne kila kundi linabaki na thelathini na kitu, kwa hivyo hiyo 25% ishike kama dalili nzito, usiishike kama bei iliyobandikwa dukani.

La pili ndilo limeota mizizi kabisa, na linasemwa na watu wenye mapenzi mema: mtoto mchanga hajui kitu, ukimwongelesha unaongea na ukuta. Ndio maana utakuta daycare safi kabisa, sakafu imepigwa deki, uji uko kwa thermos, watoto kumi na watano wamekaa kwa mkeka kimya, na ule ukimya unahesabiwa kuwa malezi mazuri, ati watoto wake wametulia. Mtoto wa miezi kumi aliyetulia siku nzima kila siku anapaswa kutushtua. Saa zingine ni kwamba amejaribu kuita watu mpaka akaacha.

Ili uelewe anaacha aje, fikiria usiku wa vitendawili. Mmoja anasema "Kitendawili!" Hapo bado hajasema chochote cha maana, ametoa tu mwito. Wengine wakisema "Tega!" ndio anatega, wanajaribu majibu, wanakosea, anadai mji, anapewa mji, kicheko, anaendelea na kingine. Lakini aseme "Kitendawili!" na hakuna anayejibu. Atarudia, labda kwa sauti zaidi. Atarudia tena. Halafu atanyamaza, na kesho yake hataanza, manake amejifunza kwamba kwa hii nyumba kitendawili hakitegwi. Mtoto mchanga ndiye mwenye kitendawili. "Aaah" yake ni mwito, kunyoosha kidole kwa kuku aliyepita mlangoni ni mwito, kukuangalia machoni wakati unamfunga nepi pia ni mwito. Hajui kutega bado, ndio maana anahitaji mtu aitikie hata kabla hajasema kitu kinachoeleweka. Ukisema "eeh, umeona kuku? kuku ameenda wapi?" umeshasema tega, na yeye atatoa sauti nyingine, utajibu, atajibu. Sio lazima jibu lako liwe la akili nyingi. Kinachomjenga ni kule kujibiwa, kwa wakati, juu ya kile kitu yeye mwenyewe alikuwa anaangalia.

Hii imepimwa. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick kule Marekani aliwaambia akina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, halafu wanyamaze ghafla na kukausha uso, wasicheke, wasijibu chochote kwa dakika chache. Mtoto anatabasamu, hapati kitu. Anajaribu mbinu zingine. Mwisho anageuza uso, anakunjika, wengi wanalia. Na huyo hajaguswa wala hana njaa, amekosa "tega" tu. Dakika chache hazimharibu mtu, mama akirudi wanapatana. Wasiwasi ni pale ukimya unapokuwa ndio hali ya kila siku.

Kwa upande wa ubongo wenyewe, miaka ya kwanza seli zake zinaunganika kwa wingi sana, viungio vinazidi vile vitakuja kuhitajika, na baadaye vile vinatumika vinaimarika, visivyotumika vinapunguzwa. Akiwa na miaka miwili ubongo umeshafika karibu 80% ya ukubwa wa mtu mzima. PP1, yaani darasa la kwanza la chekechea, kwetu ni miaka minne. Mnaona hesabu ilivyo.

La tatu ni TV. Mtu anasema sawa, kama ni maneno, si tuwashe katuni, ina maneno kuliko mimi. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake kule Seattle walichukua watoto wa miezi 9 kutoka nyumba za Kiingereza, wakawaletea watu wanaoongea Kichina, vikao 12, wakicheza nao na kuwasomea. Baadaye hao watoto walitofautisha sauti za Kichina vizuri kama watoto waliozaliwa Taiwan. Kundi lingine likapewa Kichina hicho hicho, watu wale wale, ila kwa video au sauti tupu. Halikujifunza kitu. Walipima sauti za lugha tu, kwa hivyo tusiitumie kuhukumu kila kitu kuhusu TV, lakini inaenda sawa kabisa na habari ya kuitikiwa: katuni inatega bila kujali nani amesema nini, mtoto akiita haimjibu. Simu ni hivyo hivyo.

Na kuna wale hufikiri dawa ni kuanza ABCD mapema, mtoto wa miaka miwili anashikishwa penseli ndio mzazi aone pesa yake inafanya kazi. Wale wahudumu wa Kingston hawakufundisha herufi. Walipanga vibao, walificha vitu chini ya kitambaa wakauliza kimeenda wapi, waliimba, wakataja majina ya vitu, wakamsifu mtoto akifaulu. Lugha nayo isikusumbue, Kijaluo, Kiluhya, Kikuyu, Kiswahili, tumia ile unayoongea bila kujikaza.

Sasa tuiangalie kwa karibu vile inakaa. Saa nne, wakati wa uji. Njia ya kwanza, kijiko kinaenda mdomoni, kinarudi kwa kikombe, kinaenda, macho ya mlezi yako mlangoni, kikombe kimeisha, next. Njia ya pili, uji ni ule ule na kikombe ni kile kile, ila mlezi anashika kijiko hewani anasema "nyuka ya nani hii? ni yako?" (nyuka ni uji kwa Kijaluo) anangoja. Huo mngojo ndio watu wanauruka. Mtoto anapiga mguu, anafungua mdomo, anatoa sauti. "Eeh, ni yako, haya." Ni dakika moja au mbili za ziada kwa kila mtoto. Vitu vya kuchezea pia ni hivyo: chupa ya soda ya plastiki, punje za mahindi ndani, kifuniko kikazwe na kigundishwe kisifunguke mtoto akapaliwa, hapo una kayamba ambayo mtoto anatikisa, unatikisa, anatikisa.

Dakika moja au mbili lakini zidisha kwa kumi na watano, na ongeza nepi, na ongeza yule anayelia, na huyo mama wa daycare yuko peke yake na analipwa kwa siku na wazazi ambao wenyewe siku zingine hawajauza. Hapa lawama hazisaidii. Uingereza sheria inataka mtu mmoja asizidishe watoto watatu wa chini ya miaka miwili. Kwetu katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulea watoto chini ya kaunti, viko kwa sentensi moja. Cha chekechea tunakiona, madarasa yamejengwa, walimu wameajiriwa. Cha kulea wale wadogo zaidi kimeachiwa chumba cha mabati na mwanamke mmoja, na mimi naona hiyo ni kupanga kinyume, manake miaka ambayo mtoto anahitaji mikono mingi zaidi ndiyo tumempa michache.

Na hatuhitaji kungoja mfano wa Jamaika tena, upo wetu. Magharibi mwa Kenya vijiji 60 viliwekwa kwenye jaribio, akina mama 1,152 na watoto wao, matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Lancet Global Health mwaka 2021. Wahudumu wa afya ya jamii, watu wa vijiji hivyo hivyo, waliwakutanisha akina mama vikao 16, kila baada ya wiki mbili, kufundishana kucheza, kuongea na kuitikia watoto. Vijiji vingine vikachanganyiwa vikao na ziara za nyumbani, vingine havikupata kitu. Watoto wa vikao walipanda vizuri kwenye vipimo vya akili na lugha kuliko wale ambao hawakupata. Kinachoshangaza, wale wa vikao peke yake ndio walipata faida pana zaidi, kuliko hata waliochanganyiwa ziara za nyumbani. Na vikao ni rahisi kuliko kutembea nyumba kwa nyumba. Kwa nini? Dhana yangu ni kwamba mama akiona jirani yake anaongea na mtoto wa miezi saba mbele ya watu na hakuna anayemcheka, aibu inaisha, na ile aibu ndiyo ilikuwa kizuizi tangu mwanzo. Ni dhana, sijaiona ikipimwa peke yake.

Ila hivyo vikao viliita akina mama, na kijijini mama mara nyingi ndiye anashinda na mtoto. Manyatta na Rhonda mama anashinda sokoni au kibaruani, mtoto anashinda na mtu mwingine kuanzia alfajiri mpaka giza linaingia, kwa hivyo vikao vikija mjini, mwaliko wa kwanza uende kwa huyo mama wa daycare, na siku ya kikao mtu alipwe amshikie watoto.