Mitetea wachache, jogoo wa nini?

Kila mfugaji mpya huniuliza hivi: bila jogoo, kuku wangu watataga kweli? Watataga kama kawaida. Mtetea huanza kutaga akishapevuka, wengi wakiwa na miezi mitano au sita, na kinachoamua idadi ya mayai ni chakula, umri, aina ya kuku na urefu wa mwanga wa mchana. Jogoo haongezi hata yai moja. Anachotia ni mbegu tu, nayo ina kazi pale unapotaka vifaranga.

Yai lenye mbegu halina lishe zaidi ya lisilo nayo, na ukiliokota kila siku na kulihifadhi mahali pa baridi, hakuna kifaranga kitakachoanza kuumbika ndani yake. Lile doa la damu linalowatia watu wasiwasi wanapovunja yai ni mshipa mdogo uliopasuka yai likiwa linatengenezwa. Hata mtetea ambaye hajawahi kuona jogoo hulitoa.

Kwa hiyo kama huhitaji vifaranga, kwangu mjadala umeshakaribia kwisha. Kama unavihitaji, nitakuuliza una mitetea wangapi. Wafugaji wengi hukadiria jogoo mmoja kwa mitetea kumi hivi, na sababu ya hesabu hiyo iko mgongoni mwa kuku. Jogoo hupanda mara nyingi kwa siku, tena huwa na anaowapenda kuliko wengine. Mbele ya mitetea kumi mzigo unagawanyika. Mbele ya watatu, kuna mmoja atakayeumia.

Mkague usiku, akiwa ameshatulia kwenye kichanja. Washa tochi, mshike taratibu, tazama kisogoni na mgongoni karibu na mkia. Mwanzoni utaona manyoya yaliyokatika, yamebaki vijiti vifupi. Baadaye ni ngozi tupu, nyekundu. Usiishie hapo: inua bawa upapase ubavu, kwa sababu kipi, ile pembe inayoota nyuma ya mguu wa jogoo, huchana pale ambapo manyoya yanaficha jeraha. Nimekuta mitetea ambao kwa juu wanaonekana wazima kabisa na chini ya bawa wana mpasuko mrefu. Kuku wenzake wakiiona damu wataidonoa, na kidonda kidogo kitageuka kikubwa. Na kabla hujaona jeraha lolote, angalia mwenendo: mtetea anayeshinda juu ya kichanja mchana kutwa, au anayejificha kwenye kiota na hatagi, huenda anamkimbia jogoo. Huyo hali chakula cha kumtosha.

Ndiyo maana mwenye mitetea chini ya sita au saba namshauri asifuge jogoo wa kudumu. Nasema hivyo nikiwa nawapenda majogoo sana. Jogoo mzuri akipata mdudu hamli. Humdonoa, humwachia, humdonoa tena huku akiita kwa sauti fupifupi za haraka, mpaka mtetea afike amchukue. Akiona mwewe juu hutoa mlio mmoja, na akiona mnyama anayekuja kwa miguu hutoa mwingine, na mitetea wanaitofautisha: kwa ule wa kwanza hukimbilia kichakani, kwa huu wa pili husimama wima na kuangaza huku na huku. Ni mlinzi wa kweli. Lakini hawezi kuchukua nafasi ya wavu imara na mlango unaofungwa kila jioni.

Kelele nazo zipimwe kabla hujamleta. Wapo wanaofunika banda ili lisiingize mwanga, wakitumaini jogoo atanyamaza. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha kuwa jogoo ana saa yake ya mwilini, na huwika kabla ya mapambazuko hata akiwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika. Giza la bandani halimzuii. Zungumza na majirani mapema, na ujue sheria za unapoishi zinasemaje.

Vifaranga unaweza kuvipata bila kufuga jogoo. Mtetea akianza kulalia, mwekee mayai yenye mbegu kutoka kwa mfugaji unayemwamini, naye ataangua baada ya siku 21. Njia nyingine ni kuazima jogoo. Mtetea huhifadhi mbegu ndani ya mwili wake, kwa hiyo ataendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki mbili hivi baada ya jogoo kurudi kwao. Mimi hupendelea mayai, kwa sababu jogoo wa kuazima anaweza kuja na utitiri, mafua au ugonjwa wa mdondo, na inabidi umtenge kama mwezi mmoja kabla hujamchanganya na wako.

Ukiamua kumfuga jogoo, usimlishe chakula cha kuku wa mayai kwa muda mrefu, maana madini yake ya kalsiamu ni mengi na huharibu figo zake. Wape wote chakula cha kuku wanaokua, kisha weka maganda ya chaza yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni; mitetea wanaoyahitaji watayafuata wenyewe. Jogoo anayerukia watu usimvumilie kama nyumbani kuna watoto wadogo, kwa kuwa kimo cha macho yao ndiko kipi kinakofika.

Na kwa njia yoyote utakayotumia, karibu nusu ya vifaranga watakuwa majogoo. Kuanzia wiki ya sita hivi utaanza kuwatambua kwa upanga wa kichwani unaowahi kukua na kuwa mwekundu, na baadaye kwa manyoya marefu yaliyochongoka karibu na mkia. Kabla hujaweka yai la kwanza chini ya mtetea, uwe umeshajua hao watakwenda wapi.