Mashine inayopima sumukuvu: jinsi ya kuitumia salama na kupata majibu ya kuaminika

Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu mikrogramu 5 tu (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu) za sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotengenezwa na ukungu, aina ya B1 katika kilo moja ya mahindi, na mikrogramu 10 kwa aina zote nne zikijumlishwa. Ukipiga hesabu, lori la tani 30 linalotoka Kibaigwa, Dodoma, kwenda mpaka wa Namanga halitakiwi kubeba zaidi ya gramu 0.15 za B1 katika shehena nzima. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, hakinuki, wala hakibadilishi ladha ya ugali.

Hata hivyo sumu hii ikizidi inaua. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa miongoni mwa wilaya zilizoathirika zaidi, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 msiba wa aina hiyo uliwafika wananchi wa Dodoma na Manyara. Na Machi 2021 Kenya ilipozuia kwa siku kadhaa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yalisimama mpakani na kila mtu akaanza kuuliza maabara zinasema nini.

Maabara nyingi zinazotakiwa kujibu swali hilo hutumia spektromita ya masi, yaani mashine ya kupima uzito wa molekuli, iliyounganishwa na kromatografia ya kimiminika, ambayo sisi wa maabara tunaiita kwa herufi zake tu: LC-MS/MS. Naandika kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi kwenye mashine hizi, na pia kwa wakulima na wafanyabiashara wanaotuletea sampuli, kwa sababu sehemu ya usahihi wa jibu iko mikononi mwao.

Kwanza, inavyofanya kazi. Mahindi yaliyosagwa huchanganywa na maji na asetonitraili au methanoli ili sumu itoke kwenye unga, kisha kimiminika hicho huchujwa. Tone dogo huingizwa kwenye kolamu, yaani bomba jembamba linalotenganisha kemikali moja na nyingine, na kila moja hutoka kwa wakati wake. Mwisho wa kolamu kuna sindano yenye umeme wa volti elfu kadhaa. Kimiminika hupulizwa hapo kuwa matone madogo mno, nitrojeni ya moto huyakausha, na molekuli hubaki zikiwa na chaji. Njia hii ndiyo iliyompatia Mmarekani John Fenn sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2002.

Molekuli ya B1 ikishabeba protoni moja huwa na masi ya 313. Nondo nne zenye umeme unaobadilikabadilika huruhusu ioni (molekuli zenye chaji) za 313 tu kupita, na nyingine zote hupotea njiani. Zilizopita hugongana na gesi, kwa kawaida agoni au nitrojeni, zikavunjika. Vipande viwili tunavyovifuatilia vina masi ya 285 na 241. Seti ya pili ya nondo huvichuja tena, kisha kihisio huvihesabu. Sumu nyingine huvunjika kwa namna yake, ndiyo maana mashine hii huweza kuitambua B1 kati ya maelfu ya kemikali zilizomo kwenye punje ya hindi.

Wageni wanaotembelea maabara mara nyingi huuliza kama mashine hii inatoa mionzi. Hapana. Haina chanzo cha mionzi kama mashine ya eksirei, na volti zake zimefungiwa ndani ya vifuniko vinavyokata umeme vikifunguliwa. Hofu hiyo iko mahali pasipostahili. Mimi ninachokihofia zaidi kwenye chumba kile ni nitrojeni.

Mashine moja huweza kutumia nitrojeni lita 10 hadi 20 kwa dakika, mchana na usiku. Nitrojeni si sumu. Ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Tatizo ni kwamba ikijaa chumbani huisukuma oksijeni nje. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21, na ikishuka chini ya asilimia 19.5 chumba huhesabika kuwa si salama. Mwili wetu hauhisi vizuri upungufu wa oksijeni. Kinachotufanya tuhisi kukosa pumzi ni hasa kuongezeka kwa kabonidioksaidi. Kwa hiyo mtu anayevuta nitrojeni tupu hapaliwi, hakohoi, hajui kama yuko hatarini. Pumzi moja au mbili zinatosha kumpotezea fahamu. Na mara nyingi anayekimbilia kumwokoa huanguka juu yake.

Kwa hiyo gesi inayotoka kwenye mashine lazima iongozwe kwa bomba hadi nje ya jengo, na bomba hilo likaguliwe kama halijapindika, halijachomoka wala halijazibwa na nyigu huko nje. Bomba la moshi wa pampu inayoondoa hewa ndani ya mashine liende peke yake. Lisiunganishwe na lile la gesi ya sindano, kwa sababu mvuke wa mafuta huweza kurudi ndani ya mashine. Chumba kiwe na kipima oksijeni ukutani, kwenye usawa wa pua ya mtu aliyesimama au aliyeketi, na kengele yake isikike hadi nje ya mlango. Ikilia, toka. Usizime kengele ili umalizie sampuli mbili zilizobaki. Wanaotumia nitrojeni ya kimiminika waelewe kuwa lita moja yake hugeuka gesi ya lita karibu 700, na mtungi wake hausafirishwi kwenye lifti pamoja na watu. Mitungi ya kawaida, yenye mgandamizo wa takriban baa 200, ifungwe kwa mnyororo ukutani hata ikiwa tupu.

Baada ya nitrojeni ninataja asetonitraili. Inashika moto kirahisi: kwenye nyuzi 2 tu za Selsiasi mvuke wake huwa tayari unaweza kuwaka, sembuse kwenye chumba cha Dar es Salaam ambako kiyoyozi kimezimika. Ikiingia mwilini, hugeuzwa polepole kuwa sianidi. Hilo neno “polepole” ndilo la kuzingatia, maana dalili huweza kuchelewa kwa saa kadhaa na mtu akadhani amepona. Aliyemwagikiwa sana au kuvuta mvuke mwingi aende hospitali siku hiyohiyo, amtajie daktari jina la kemikali, asisubiri kuumwa kichwa. Chupa ya taka iwe na kifuniko chenye chujio la mvuke, ikae ndani ya beseni la kukingia, na ibadilishwe kabla haijajaa.

Sumu yenyewe tunaishika pia. B1 iko kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani katika orodha ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC. Sumu ya kulinganishia inunuliwe ikiwa imeshayeyushwa, si ya unga; unga wake mkavu hurukaruka kwa chaji za umeme tuli na kunata kila mahali. Usagaji wa mahindi nao hutoa vumbi, kwa hiyo barakoa ya kuchuja vumbi ni ya lazima hapo, hata kama hakuna mashine ya kisasa karibu. Vyombo vilivyogusa sumu husuuzwa kwanza, mabaki yakaenda kwenye chupa ya taka, ndipo vikalowekwa kwenye maji ya klorini. Klorini isimwagwe kamwe ndani ya chupa ya taka yenye asidi. Gesi itakayotoka inachoma mapafu.

Sehemu ya sindano hufika nyuzi mia kadhaa za joto. Ipoe kabla ya kuifungua kwa ajili ya kuisafisha, na glavu za nitraili si kinga ya moto, huyeyuka kwenye ngozi. Usafi wenyewe si kazi kubwa: kitambaa kisichotoa nyuzi, methanoli na maji nusu kwa nusu, kila siku ya kazi. Anayeuahirisha hadi Ijumaa atakuta koni, yaani tundu ambalo ioni huingilia ndani ya mashine, imeota weusi na nusu ya nguvu ya mashine imepotea.

Halafu kuna umeme, na hapa mazingira yetu yana changamoto ambayo vitabu vya watengenezaji huigusia kwa mstari mmoja tu. Ndani ya mashine karibu hakuna hewa, hali inayoitwa vakyumu. Shinikizo ni dogo mara mamilioni kuliko la nje. Pampu ya turbo inayoshikilia hali hiyo ina mapangaboi yanayozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Umeme ukikatika ghafla, pampu hupungua mwendo huku hewa yenye unyevu, na wakati mwingine mvuke wa mafuta kutoka pampu ya chini inayoisaidia ile ya turbo, ikiingia. Mashine haitakiwi kuunganishwa moja kwa moja na umeme wa gridi. Iwe na UPS, yaani betri ya akiba, yenye uwezo wa kubeba pampu zote mbili pamoja na kompyuta hadi jenereta iwake, na jenereta ijaribiwe kila wiki ikiwa na mzigo. Umeme ukirudi, jizuie. Kurejesha vakyumu nzuri huchukua saa nyingi, aghalabu usiku kucha, na majibu yanayotolewa kabla ya hapo hayana thamani hata kama mteja amesimama dirishani.

Mafuta ya pampu ya chini yatazamwe kila wiki kupitia kidirisha chake. Mafuta mapya yana rangi ya asali nyepesi. Yakiwa ya kahawia au yana ukungu, badilisha. Vaa glavu, kwa sababu kila kilichopita kwenye mashine kimeacha alama humo.

Sasa usahihi. Adui mkubwa kwenye meza ya kazi ni sabuni. Chupa ya maji ya mashine ikioshwa kwa sabuni, kwa wiki nzima utaona kwenye skrini msururu wa vilele (alama za kemikali kwenye grafu) vilivyopishana kwa masi ya 44, alama ya polithilini glaikoli iliyomo kwenye sabuni nyingi. Chupa hizo zisuuzwe kwa maji safi na kiyeyushio peke yake. Maji mapya yasiongezwe juu ya ya zamani. Mwani huota humo na kuziba kolamu. Na chumvi ya fosfeti, waliyozoea waliotumia mashine za kizazi cha nyuma, isifike hapa kabisa. Haigeuki mvuke, hukauka kwenye koni kama magadi. Tumia asidi fomiki au chumvi za amonia, ambazo huondoka na gesi.

Kila siku huanza na sampuli tupu, yaani kiyeyushio kisicho na sumu. Kilele cha B1 kikionekana humo, kazi isimame hadi chanzo kijulikane. Kisha huja viwango vya kulinganishia, yaani myeyusho wenye kiasi kinachojulikana cha sumu, halafu sampuli, na baada ya kila sampuli chache kiwango kimoja hurudiwa ili kuona kama usomaji wa mashine umehama. Baada ya sampuli yenye sumu nyingi tunaweka tena tupu, kwa sababu mabaki hunata, na mkulima anayefuata asije akabebeshwa sumu ya mwenzake.

Kilele kimoja hakitoshi kusema “hii ni B1”. Vipande vyote viwili vionekane, vitoke kwenye kolamu kwa wakati uleule kama wa kiwango, na uwiano kati yao usipishane na ule wa kiwango kwa zaidi ya asilimia 30. Karanga na mahindi vina mafuta na vitu vingine vinavyofifisha ishara ya sumu, hivyo sampuli mbaya huweza kuonekana nzuri. Dawa yake ni kuongeza mwanzoni kiasi kinachojulikana cha B1 iliyotengenezwa kwa kaboni nzito. B1 ina kaboni 17, na kila moja ikizidi kwa kipimo kimoja, masi ya 313 inakuwa 330. Mbili hizo hutoka kwenye kolamu pamoja na kufifia pamoja, mashine ikizitofautisha kwa uzito tu. Ikiwa ile tuliyoiongeza imefifia kwa theluthi, tunajua na ile ya mkulima imefifia kiasi hichohicho. Vichupa vyake ni ghali, na ofisi za fedha huuliza kama tunaweza kuviacha. Jibu langu huwa hapana.

Lakini yote hayo huja baada ya kosa kubwa zaidi, linalotokea ghalani. Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje moja ya gramu 0.3 iliyobeba mikrogramu 100 za sumu, ikisagwa pamoja na kilo 5 za mahindi safi kabisa, huufikisha mfuko wote mikrogramu 20 kwa kilo, mara nne ya kikomo cha B1. Ukichota kikombe kimoja juu ya gunia moja, punje hiyo utaikosa karibu kila mara. Ukiikamata kwa bahati mbaya, shehena nzima itahukumiwa kwa punje moja. Ndiyo maana tunaomba sampuli ya kilo kadhaa, iliyochotwa kidogokidogo kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, kwa bambo refu, ikachanganywa vizuri. Iwekwe kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa, si nailoni, kwa sababu unyevu ukifungiwa humo ukungu huendelea kukua njiani. Maabara nayo iisage yote kabla ya kupima gramu chache za kuchambua.

Unapopokea cheti cha majibu, tafuta maneno “sampuli ilivyopokelewa”. Yakiwepo, maabara inathibitisha kilichokuwa ndani ya mfuko uliouleta, si kilichomo ghalani mwako. Kama unataka cheti kinachozungumzia shehena nzima, omba wachukuaji sampuli wa maabara au wa mamlaka husika waje wenyewe kabla magunia hayajapakiwa, na uhakikishe namba ya shehena imeandikwa kwenye fomu ya kuchukulia sampuli na kwenye cheti.