Sasi: mnazi ni wako, nazi si zako bado

Sasi ni marufuku ya muda ambayo kijiji huweka juu ya mavuno fulani: nazi, samaki wa mtoni, jongoo bahari, kungumanga na kadhalika. Ikishawekwa, hakuna anayegusa. Ikifunguliwa, watu wanavuna. Utaikuta hasa katika visiwa vya Maluku, mashariki mwa Indonesia, na pia upande wa Papua kwenye visiwa vya Raja Ampat. Alama yake ya kawaida ni kijiti kilichochomekwa shambani au ufukweni, kikafungwa kuti changa la mnazi.

Wengi huieleza kama njia ya kienyeji ya kuhifadhi mazingira, wakaishia hapo. Mimi naona jambo lenyewe liko kwingine: sasi inamfunga hata mwenye mali. Shamba ni lako, mnazi aliupanda babu yako, wala hakuna jirani anayekugombania. Lakini sasi ya nazi ikiwa imewekwa, ukiangua dafu moja umevunja sheria kama alivyovunja mwizi aliyeingia usiku.

Ili hilo lieleweke, inafaa kujua ardhi ya kijiji cha huko ina tabaka ngapi za haki. Kwanza kuna sheria ya nchi. Sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 inatambua umiliki kamili, wenyewe wanauita hak milik, na kwa mtu binafsi umiliki huo ni wa raia peke yake; mgeni anaweza kupewa haki ndogo zaidi, kama ile ya kutumia. Sheria hiyohiyo inazitambua haki za jamii za kimila, mradi jamii hizo bado zipo na hazipingani na maslahi ya taifa. Hapo ndipo linapoingia tabaka la pili. Kijiji cha Maluku kina eneo lake la asili liitwalo petuanan, linaloanzia vilimani, likashuka mashambani na kuendelea baharini hadi kwenye miamba. Ndani ya eneo hilo koo zina mashamba yake, na familia zina miti yake. Mti na ardhi uliposimama vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, jambo ambalo mtu wa Pemba au Lamu halimshangazi.

Tabaka la tatu ni la wakati. Hati inajibu swali la nani. Sasi inajibu lini, na jibu hilo halimo mikononi mwa mwenye hati.

Mfano unaojulikana kuliko yote uko katika kijiji cha Haruku, kwenye kisiwa chenye jina hilohilo karibu na Ambon, mji mkuu wa mkoa wa Maluku. Hapo kuna mto mfupi, Learisa Kayeli, na samaki wadogo waitwao lompa, wanaofanana na dagaa wetu kwa umbo. Lompa wana tabia ya ajabu: mchana hukaa mtoni, usiku hutoka kwenda baharini kutafuta chakula, na kabla ya kupambazuka hurudi. Makundi yao huonekana wakiwa wachanga karibu na pwani, na tangu hapo wanawekewa sasi kwa miezi kadhaa mpaka wakomae. Katika muda huo mto wote una miiko. Boti haiingii na injini inayonguruma. Taka hazitupwi majini. Miti ya kando ya mto haikatwi.

Siku ya kufungua, wakati wa usiku, moto huwashwa kwenye mlango wa mto ili samaki waingie kwa wingi. Ngoma inapigwa. Maji yakianza kupwa watu wanashuka na nyavu, mabeseni na vikapu, wazee kwa watoto, na wa vijiji vya jirani wanakuja pia. Sehemu ya samaki hutengwa kwa ajili ya wajane na mayatima. Wanaobaki hukaushwa au kutiwa chumvi, wakawa kitoweo cha miezi. Baadaye mto unafungwa tena.

Wanaosimamia haya wanaitwa kewang. Ni walinzi wa kimila, wapo wa nchi kavu na wapo wa baharini, nao wanazunguka, wanakamata, wanatoza faini. Mtoto akivunja sasi Haruku hatozwi pesa. Huchapwa fimbo tano za henzirani, moja kwa kila ukoo mkubwa wa kijiji. Mwaka 1985 kewang wa Haruku walipewa Kalpataru, tuzo ya mazingira ya serikali ya Indonesia. Na miiko yao haikuishia kwenye samaki na miti. Ilikuwepo pia sasi ya mwenendo wa watu ndani ya kijiji, kwa mfano wanaume na wanawake kutochanganyika wakati wa kuoga mtoni.

Mahali ambapo kewang wamedhoofika, dini imeshika nafasi yao. Kwenye vijiji vya Kikristo mchungaji huiombea sasi kanisani, na kwenye vijiji vya Kiislamu msikiti hufanya kazi kama hiyo. Kuna watu wasioogopa faini hata kidogo, lakini hawathubutu kugusa nazi iliyoombewa.

Kwa nini walidhoofika? Sababu moja ina tarehe. Mwaka 1979 serikali ya rais Suharto ilipitisha sheria iliyotaka vijiji vyote vya Indonesia viwe na muundo mmoja wa uongozi, muundo uliofanana na wa kisiwa cha Java. Kule Maluku mkuu wa kijiji aliitwa raja, akisaidiwa na baraza la koo. Vyote viwili vikapoteza nafasi yake kisheria, na kewang wakabaki bila wa kuwapa nguvu. Baada ya Suharto kuondoka mwaka 1998 mamlaka yalirudishwa mikoani, na baadhi ya vijiji vikaanza kurejesha mifumo ya kale. Ila mila iliyokatika miaka ishirini hairudi ilivyokuwa.

Sababu nyingine ni biashara, na hii ni ya zamani sana. Maluku ndiko ilikotoka karafuu. Waholanzi katika karne ya 17 waling'oa mikarafuu kwenye visiwa vingi ili ibaki Ambon na visiwa vya karibu tu, wapate kuhodhi bei. Miche iliyotoroshwa na Wafaransa mwaka 1770 ikafika Mauritius, na kutoka visiwa vya huko mbegu zikaja Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Katika visiwa vilivyozoea biashara namna hiyo, watafiti kadhaa wanaona kwamba sasi haikuzaliwa kama ulinzi wa viumbe. Ilizuia wizi, ilihakikisha mazao yanakomaa yapate bei, na iliwapa wakuu wa vijiji kauli juu ya soko. Naona wana hoja. Angalia lola, konokono wa baharini ambaye gamba lake hutengenezewa vifungo vya nguo. Bei inapopanda, kishawishi cha kufungua mapema kinapanda nayo.

Kailolo, kijiji cha Waislamu kisiwani humohumo Haruku, wameipeleka sasi mbali zaidi. Ufukweni kwao kuna ndege anayefukia mayai mchangani na kuyaacha yaanguliwe kwa joto la ardhi. Haki ya kuyachimba huuzwa kwa mnada, na aliyeshinda ndiye anayevuna katika muda wake. Mwingine haruhusiwi kuchukua hata yai moja. Huko Misool, Raja Ampat, kuna kikundi cha wanawake kinachosimamia sasi ya eneo lake la bahari, jambo ambalo zamani lilikuwa la wanaume.

Msomaji wa pwani yetu atakumbuka miamba ya pweza inayofungwa kwa miezi huko Kisiwa Panza, Pemba, kisha ikafunguliwa kwa siku maalumu. Zinafanana kwa kazi. Tofauti ni kwamba sasi inapanda mpaka shambani kwako.

Anayetaka kwenda huko huruka hadi Ambon, kisha hushika boti ya kasi bandari ya Tulehu. Mwezi wa sita na wa saba, wakati kwetu kunavuma kusi, Ambon mvua ni kubwa na bahari huchafuka, kwa hiyo boti huweza kulala. Ukifika kijijini, mtafute mkuu wa kijiji kabla ya kuingia majini au kupanda vilimani, kisha uliza ni nini kimefungwa. Na ukiona kuti changa limefungwa kijitini, usiombe dafu kwa mwenye shamba. Utamtia aibu, kwa sababu hana ruhusa ya kukupa.