Nenosiri la Linux likikataa, usikimbilie kufomati

Juzi mteja kaniletea laptopu. "Fundi, nipigie windo upya, nenosiri la admin limegoma." Ndani kulikuwa na Ubuntu 22.04, aina mojawapo ya Linux, lakini kwa wateja wangu dawa ya kila ugonjwa ni kupigwa windo.

Nikamwambia anionyeshe. Akafungua terminali (dirisha la kuandikia amri), akaandika `su`, kisha akaanza kubonyeza herufi huku akiikodolea macho skrini. "Unaona? Hata kibodi haiandiki." Kibodi ilikuwa nzima, terminali haionyeshi kitu unapoandika nenosiri, hata nyota. Akabonyeza Enter, ikamkatalia: `Authentication failure`.

Nenosiri lake halikuwa na kosa. `su` inataka nenosiri la root, yaani akaunti kuu ya mfumo, na Ubuntu humfunga root tangu siku ya kwanza, hana nenosiri kabisa. Unachotakiwa kutumia ni `sudo`, amri inayokuazima mamlaka ya root, na nenosiri lako mwenyewe. Tukajaribu `sudo -i`, ikaingia mara moja. Sikumtoza hela, ingawa nilitamani.

Ukiwa umelisahau kweli (na umeshahakikisha Caps Lock haijawaka), njia ipo. Washa mashine upya ukiwa umeshikilia Shift, au ukigusagusa Esc kwa mashine za UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta, uliochukua nafasi ya BIOS), mpaka itokee menyu ya GRUB, programu inayowasha Linux. Ingia Advanced options, chagua mstari wenye recovery mode (hali ya uokoaji), halafu root. Jina lako la akaunti kama nalo limekutoka, `ls /home` kwa kawaida italitaja.

Sasa hapa ndipo wengi hukwama. Wanaandika `passwd juma` (badala ya juma weka jina la akaunti yako), wanapata `Authentication token manipulation error`, wanadhani mfumo umeoza. Diski imefunguliwa kwa kusomwa tu, nenosiri jipya halina pa kuandikwa. Tanguliza hii:

`mount -o remount,rw /`

Kisha rudia `passwd juma`. Hutaulizwa nenosiri la zamani.

Ukishaingia, usishtuke kibweta cha manenosiri yaliyohifadhiwa kikidai lile la zamani, chenyewe hakikubadilishwa. Ukikifuta, kinaanza upya, na yaliyokuwemo yanapotea.

Ila kama diski yenyewe ilifungwa kwa LUKS, yaani usimbaji wa diski wa Linux, na umesahau neno la kuifungulia, recovery mode haikusaidii, kwa sababu nayo italiuliza neno hilohilo kwanza. Hapo nitakuuliza bekapu iko wapi.