Kwa nini Majilio huanza na habari za mwisho wa dunia?

Anayeingia kanisani Dominika ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kuingojea Noeli (Krismasi), akitarajia kusikia habari za Betlehemu hushangaa. Hakuna mtoto wala hori. Masomo ya Dominika hupokezana kwa miaka mitatu: Mwaka A Injili ni ya siku za Nuhu na gharika (Mt 24), Mwaka B ni ya bawabu aliyeamriwa akeshe (Mk 13), Mwaka C ni ya ishara katika jua, mwezi na nyota (Lk 21).

Sababu imo katika jina lenyewe. Majilio ni kuja, na Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, katika karne ya 12, alifundisha kwamba Bwana anakuja mara tatu: katika mwili kule Betlehemu, katika mioyo ya waamini leo, na katika utukufu siku ya mwisho. La Betlehemu limekwisha kutimia; hilo tunalikumbuka. Linalosubiriwa bado ni la siku ya mwisho, na ndiko Kanisa linakoanzia.

Ndani ya kipindi hiki kuna mpaka, nao ni tarehe 17 Desemba. Kabla yake masomo yanatazama kurudi kwa Kristo, na Yohane Mbatizaji ndiye anayetawala Dominika ya pili na ya tatu. Kuanzia tarehe 17 mwelekeo hugeukia Noeli: siku hiyo husomwa ukoo wa Yesu (Mt 1:1-17), yale majina marefu ambayo wengi huyasikiliza huku wakiangalia saa, kisha kila siku habari inasogea karibu zaidi na kuzaliwa kwake. Jioni za tarehe 17 hadi 23, katika sala ya jioni ya Kanisa, antifona (kiitikio) ya wimbo wa Maria humwita Kristo kwa jina jipya: Hekima, Adonai, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mawio, Mfalme wa Mataifa, Emanueli. Katika Kilatini, herufi za kwanza za majina hayo zikisomwa kutoka mwisho zinaunda Ero cras, yaani “kesho nitakuwapo”.

Anayeujua mpaka huu hapati shida kulinda roho ya Majilio. Kinachoharibu Majilio ni kuianza Noeli tarehe 1 Desemba: nyimbo, mapambo, karamu za kazini, nauli za kwenda nyumbani, na ikifika tarehe 24 mtu hoi, hana hamu tena. Luka 21:34, inayosomwa Dominika ya kwanza ya Mwaka C, inataja hatari hiyo waziwazi: mioyo kulemewa “na ulafi, na ulevi, na masumbufu ya maisha haya”. Hayo masumbufu ndiyo yanayowapata hata wasiokunywa.

Kwa hiyo wiki za mwanzo zitumike kwa toba. Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, kisingoje tarehe 23, foleni ikiwa ndefu na padre amechoka. Novena ya Noeli, yaani sala ya siku tisa, ianze tarehe 16, iishe 24. Pango la Noeli, lenye sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, laweza kujengwa mapema, ila hori libaki tupu hadi usiku wa Noeli. Watoto huuliza mtoto yuko wapi, na hapo ndipo pa kuwaeleza maana ya kungoja.

Shada la Majilio nyumbani, yaani duara la matawi lenye mishumaa, husaidia sana, lakini lina hesabu yake. Mishumaa ni minne, na kila Dominika huwashwa mmoja zaidi pamoja na iliyotangulia: mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, unaowashwa Dominika ya tatu, ile ya kufurahi. Ukisali dakika 15 kila jioni, na Majilio ikiwa ya siku 28 kama mwaka 2022, mshumaa wa kwanza utawaka kwa jumla ya muda wa saa 7, wa nne kwa muda usiofika saa 2. Ndiyo maana wa kwanza hufupika hadi moto ukafikia majani. Nunua mishumaa minene, isimamishe kwenye vikombe vya bati, badilisha matawi kila Jumamosi kabla hayajakauka, na usitumie majani ya plastiki karibu na utambi. Asiyepata ya zambarau aweke myeupe na kuifunga utepe wa rangi hiyo chini kabisa, mbali na moto.