Je, wajua sumaku inavyoweza kujua shafti, yaani mhimili unaozunguka wa mashine, ilipo bila sensa, yaani kifaa cha kupima nafasi yake?

Gesi ya Mnazi Bay husafishwa Madimba, Mtwara, kisha huingia kwenye bomba la kwenda Dar es Salaam. Gesi popote duniani husafiri kwa presha, na presha ya kisima ikishuka, kompresa huisukuma. Sasa, zipo kompresa kubwa ambazo shafti yake huzunguka bila kugusa kitu. Haitegemei gololi wala oili; inaelea katikati ya sumaku-umeme.

Kuelea kwake kuna kazi. Sumaku-umeme huvuta tu, haisukumi, na nafasi ikipungua kwa nusu, kwa umeme uleule, mvuto huwa mara nne. Shafti ikiachwa hivihivi itagonga upande mmoja papo hapo. Kwa hiyo kompyuta hurekebisha umeme wa koili, yaani waya uliozungushwa kwenye sumaku-umeme, maelfu ya mara kwa sekunde, na ni lazima ijue shafti iko wapi ndani ya nafasi isiyofika hata milimita moja.

Kwa kawaida sensa ndiyo huipa kompyuta habari hiyo. Sensa ni gharama, waya zaidi, na kitu kingine cha kuharibika. Lakini kasoro ninayoiona nzito zaidi ni kwamba hukaa kando ya sumaku, si palepale. Shafti ndefu inayokwenda kasi hupinda kidogo: penye sensa yaweza kuwa imepanda, ilhali penye sumaku imeshuka. Kompyuta ikifuata sensa, inazidisha mtikisiko badala ya kuutuliza.

Basi kwa nini isiulizwe sumaku yenyewe? Mvuvi wa mshipi pale Mikindani hamwoni samaki. Uzi uleule wa kuvutia ndio unaomletea habari. Koili nayo hivyo hivyo. Umeme wake hutoka kwenye swichi za kielektroniki zinazowaka na kuzima hata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo mkondo hupanda na kushuka kwa viwimbi vidogo. Chuma kikikaribia, induktansi ya koili, yaani ukaidi wake wa kubadilisha mkondo, huongezeka, na viwimbi hufifia. Kikienda mbali, vinakua. Viwimbi ambavyo fundi mwingine angevichuja kama uchafu ndivyo vinavyotaja nafasi.

Ugumu uko hapa: viwimbi hutegemea pia muda ambao swichi imewashwa. Mzigo ukiongezeka ghafla, kompyuta yaweza kudhani shafti imesogea kumbe haijasogea. Mwaka 1997 Noh na Maslen, watafiti waliokuwa Marekani, walieleza namna ya kukadiria nafasi huku athari ya swichi ikiondolewa kwa hesabu. Bado chuma chenyewe husumbua: kikishiba usumaku, induktansi hushuka hata kama nafasi ni ileile. Ndiyo maana mashine nyingi za viwandani bado zina sensa zake.